Mawe Mawili Kiunoni

Watu wa siku hizi wakisikia mjamzito anapimwa uzito wanaona ni jambo la kawaida, kama kupiga mswaki. Kwetu Tabora, enzi za Mwingereza, halikuwa la kawaida hata kidogo. Mizani tuliijua, tena sana. Ilipima nta, karanga na ngozi, na kabla ya hapo, walivyosema wazee, ilipima pembe za ndovu zilizongoja wapagazi wa kuzipeleka pwani. Kitu kikishapimwa, kinaondoka. Hayo ndiyo tuliyoyajua. Ndiyo maana mama mkwe wangu aliposikia kwamba huko kliniki wamenipandisha kwenye mizani, alikaa chini barazani akavua kilemba chake, kitu alichokifanya misibani tu.

Nilimwita Mayu, ndivyo Wanyamwezi wanavyomwita mama. Tuliishi naye, mimi na mume wangu, katika nyumba ya udongo pembezoni mwa mji, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mume wangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kupita chini ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, anagonga magurudumu na kusikiliza kama chuma kina ufa. Baba yake Mayu yeye alikuwa mpagazi, aliyebeba pembe begani mpaka Bagamoyo na kurudi hai, jambo ambalo si wote waliliweza. Alimwachia bintiye maneno mengi ya njiani, na mikono iliyozoea uzito wa vitu.

Mimi duniani nilitaka kitu kimoja tu, mtoto anayelia. Nilikuwa nimekwisha kuzaa wawili, wote kimya. Wa kwanza alikuja kabla ya wakati, wa pili alikuja kwa wakati wake lakini alikuwa ameshakwenda. Mara ya kwanza watu walinipa pole. Mara ya pili wakaanza kuninyamazia, na mimi kunyamaziwa kunaniudhi kuliko kusemwa. Mimba ya tatu ilipoingia sikumwambia mtu mpaka ikajisema yenyewe.

Nesi wa kliniki alikuwa mkunga, mwanamke wa pwani, mrefu, gauni lake limepigwa pasi mpaka linasimama peke yake. Hakuwa na tabasamu la bure. Mizani yake ilikuwa imetoka kwenye ghala la mfanyabiashara wa nta, na ukipanda juu ya lile bamba la chuma miguu mitupu ulisikia bado linateleza kidogo na kunukia mzinga. Alisukuma kile chuma kidogo cha juu, akakirudisha, akakirudisha tena. Akaniambia mimi ni mwepesi mno, mtoto anakula mifupa yangu.

Kisha akatufundisha wote tuliokuwa kwenye benchi. Alisema mjamzito anatakiwa aongezeke kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, kama mtungi unaojazwa kwa kata. Asiyeongezeka, mtoto wake ana njaa. Anayeongezeka kwa ghafla, hiyo si nyama, ni maji, na maji hayo huua mama na mtoto pamoja. Mimi nilishika ile habari ya njaa tu, maana ndiyo iliyonihusu. Ya maji iliniingia sikio hili ikatokea lile. Akanipangia karanga, kunde, maziwa na mayai. Mayai! Kwetu mjamzito akila mayai mtoto anazaliwa kipara. Nilicheka peke yangu njiani, maana mimi wa kipara ningemchukua, alimradi alie.

Mayu hakugombana na mizani. Alivaa tena kilemba chake, akaniuliza kama nikienda mjini napita pale kwenye mawe. Nikamjibu kwamba hakuna njia nyingine.

Pale kwenye mawe palikuwa na rundo kubwa, kando ya njia, kati ya kwetu na mji. Zamani msafara ukipita na mpagazi akafa, wenzake waliweka jiwe, na kila aliyepita baadaye akaongeza lake. Misafara ilikwisha, treni iliimaliza, lakini rundo halikuacha kukua. Sikuwahi kumwona mtu akiweka jiwe pale. Unapita asubuhi unakuta jiwe jipya juu kabisa, upande wa chini una udongo mbichi, na karibu hapo hakuna aliyechimba. Mimi si mwoga wa ovyo ovyo, mume wangu ni shahidi. Lakini pale nilikuwa nasalimia kwanza ndipo napita.

Mayu akanieleza ya baba yake. Mpagazi aliyefiwa na ndugu yake njiani hakuondoka hivi hivi. Aliokota jiwe mahali pale, akalifunga ndani ya mzigo wake, akalibeba mpaka mwisho wa safari. Hilo jiwe lilikuwa kiti cha marehemu. Akiwa na kiti ametulia. Akikosa kiti, anafuata nyuma, na akichoka kufuata anapanda mwenyewe juu ya mzigo, na mzigo unakuwa mzito siku hadi siku mpaka mbebaji anaanguka naye.

“Wewe umefiwa na wawili njiani,” Mayu akaniambia. “Umewabebea nini?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza habari zao kwa namna hiyo, kama watu waliokuwepo. Nililia siku ile kuliko siku za kuwazika.

Aliyachagua mwenyewe pale rundoni, mawe mawili, kila moja kama ngumi. Akayafunga kwenye kipande cha kanga yangu kuukuu, akanizungushia kiunoni chini ya nguo. Nisiyavue ila kwa kuoga, nisiyaweke chini mpaka mtoto alie. Basi nikayavaa. Nilikoroga ugali nayo, nilipalilia nayo, na Jumapili nilikwenda nayo kanisani, wala sikuona Mungu akikasirika.

Niliporudi kliniki nilikuwa nayo. Nesi akasukuma chuma chake, akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Alisema naam, huyu mama amesikia, tazameni. Benchi zima likanitazama. Ningesemaje? Ni kweli pia nilikuwa nakula, kunde na karanga, na mayai nayala kwa siri nyuma ya nyumba kama mwizi. Sifa ukipewa unapokea. Na mwezi uliofuata nikaongezeka kidogo, na uliofuata kidogo, hivyo hivyo kama alivyotaka.

Mawe yenyewe nikayazoea. Nikitembea yaligongana, ko, ko, polepole. Siku moja adhuhuri, jua limesimama, kuku wote wamelala kivulini, nilikuwa nimekaa mkekani sijatikisika hata kidole. Nikasikia ko. Nikangoja. Ikaja nyingine. Nikajiambia ni mtoto anacheza tumboni anayasukuma, na inawezekana ndivyo ilivyokuwa.

Tumbo lilipokuwa kubwa nikaanza kunenepa uso. Jirani zangu wakaja kushangilia, wakasema nimenawiri, nimekuwa kama bibi harusi. Bangili yangu ya shaba haikutoka tena mkononi. Miguu ilijaa mpaka viatu vya ngozi vikakataa kufunga, mume wangu akanitania kwamba atanikatia viatu kwenye mpira wa lori. Tulicheka. Kwetu mwanamke mnene ni mwanamke mwenye afya, na mimi niliyeitwa mifupa nilifurahi kupita kiasi.

Kisha kichwa kikaanza kuniuma, na mchana kweupe nikawa naona vimulimuli. Vilielea mbele ya macho yangu, vikizimika na kuwaka. Siku moja tulikuwa barazani na Mayu tunachambua kunde. Nikainua macho nikaona watu wanapita njiani katika jua lile kali. Walikuwa mstari mmoja mrefu, kila mmoja na mzigo kichwani au begani, na sikuona nyuso zao. Walitembea vizuri tu, kama watu wanaoijua njia. Ila vumbi halikuinuka.

Nikamuuliza Mayu kama anawaona. Hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo.

“Wanaelekea wapi?” akaniuliza.

“Upande wa pwani.”

“Waache waende. Wakigeuka, niambie.”

Nilikaa nikiwatazama mpaka wakaisha. Kunde zilikuwa zinanimwagika, na Mayu akawa anaziokota moja moja bila kunisema. Nikataka kumwambia mume wangu jioni ile, lakini alirudi amechoka, nikaona nitamtia wasiwasi bure.

Basi likatokea jambo la kuchekesha huko kliniki. Mama mmoja alipanda mizani na jembe jipya alilonunua sokoni, amelifunga mgongoni ndani ya kanga asiibiwe, na nesi akamwandikia uzito wa watu wawili kabla ya kugundua. Alikasirika nesi, acha tu. Akatangaza kwamba siku ijayo kila mtu atapimwa na kanga moja peke yake, na mwenye kitu akiache nyumbani.

Nyumbani nisingeweza kuyaacha, Mayu angeyaona. Kwenda nayo nisingeweza, nesi angeyaona. Nilipofika kwenye rundo asubuhi ile nikasimama, nikasalimia, nikaingiza mkono chini ya nguo nifungue kile kitambaa. Vidole vilikuwa vimejaa kama ndizi, fundo likanishinda, nikalifungua kwa hasira na kucha. Nikayaweka mawe yote mawili juu kabisa, pamoja na kitambaa chake. Nikawaambia wakae pale, mama yao anakwenda na kurudi.

Nikaondoka. Nilitegemea kujisikia mwepesi, na sikujisikia. Nilipofika kwenye kona ambapo rundo halionekani tena, nikasikia ko. Nikajishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Hapakuwa na kitu.

Kliniki siku ile ilijaa. Nesi alitutangazia kwamba spiriti ya jiko lake dogo imebaki chini kabisa ya chupa, nyingine iko njiani na treni, kwa hiyo mkojo atauchemsha na kuupima kwa wale tu ambao uzito wao umeruka. Wengine watapimwa uzito na kwenda zao. Zamu yangu ikafika. Nikapanda na kanga moja. Nesi akasukuma kile chuma mpaka kilipokuwa safari iliyopita, nami nikangoja akirudishe nyuma, maana nilijua nimetua mzigo. Hakukirudisha. Alikisogeza mbele kidogo.

Akasema vizuri sana mama, unakwenda kidogo kidogo kama tunavyotaka, rudi baada ya wiki mbili. Akaita mwingine.

Nilishuka nikavaa. Nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi nikakaa kwenye benchi. Wote mnaelewa nilichofikiri. Mtu akitua mzigo na uzito usipungue, basi kuna aliyepanda. Viti nimeviacha njiani, na wenyewe wamekuja. Na yule mdogo wa tatu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amecheza kwa uvivu, yuko chini yao peke yake.

Nikisema, benchi zima litanicheka, na nesi wa watu, aliyeniweka kuwa mfano, atanitukana ushenzi wangu mbele ya kila mtu. Nisiposema, naondoka, napita tena pale, nakwenda nyumbani nikamzae wa tatu kimya. Vimulimuli vikajaa chumba. Nikainuka nikampita mwanamke aliyekuwa juu ya mizani.

“Nesi,” nikasema, “bado wamo.”

“Kina nani?”

Nikamwambia. Nilisema yote, mbele ya wote, mawe, rundo, wapagazi, wanangu wawili. Nyuma yangu mtu alianza kucheka, kisha akanyamaza mwenyewe. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, na hakunikaripia. Aliuliza jambo moja tu, mawe hayo yana ukubwa gani. Nikakunja ngumi zangu mbili nikamwonyesha.

Alinikalisha. Akaweka kidole gumba kwenye ugoko wangu, akakandamiza, akaondoa. Shimo likabaki. Tulilitazama wote wawili na halikujaa. Akavuta mashine ya presha akanifunga mkono, akasikiliza, akasikiliza tena. Akaimimina ile spiriti iliyobaki, yote, akachemsha mkojo wangu. Uligeuka mweupe ukaganda kama ute wa yai.

“Mficha uchi hazai, mama,” akaniambia, na sauti yake ilikuwa imeshuka. “Umefanya la maana kusema. Leo hurudi nyumbani.”

Akanieleza taratibu, akinishika mkono kana kwamba ningekimbia. Uzito wa mawe nimeutua, lakini mwili umejaza maji mahali pake, ratili kwa ratili, kwa muda mfupi, ndiyo maana mizani ikaonyesha salama. Ni kifafa cha mimba kinabisha hodi. Nilielewa. Lakini nilielewa pia la kwangu, na mawili hayo hayakugombana kichwani mwangu.

Walinilaza chumba cha peke yangu, mapazia yamefungwa, giza mchana kutwa, hakuna kelele, hakuna mgeni zaidi ya mume wangu naye kwa dakika chache. Sindano asubuhi, sindano jioni. Nilimwambia mume wangu amwambie Mayu ukweli kwamba nimeyatua mawe kabla mtoto hajalia. Akaenda. Mayu hakuja siku ile, wala iliyofuata, wala iliyofuata tena. Nikimuuliza mume wangu anaitikia tu kwamba mama yuko, anakusalimu. Nikajua amenikatia tamaa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nikasema moyoni kwa uchungu, na huu sasa ni wangu peke yangu. Na mle gizani, adhuhuri kila mtu akinyamaza, niliendelea kusikia ko, ko, juu yangu. Nesi alisema ni bati linatanuka kwa jua.

Daktari akaamua mtoto atolewe kabla ya wakati, maana presha ilikuwa haishuki. Uchungu waliouanzisha kwa dawa ulinichukua tangu alfajiri. Mtoto akatoka katikati ya mchana, na chumba kikawa kimya.

Ule ukimya niliujua. Nilikuwa nimeusikia mara mbili. Nesi alinigeuzia mgongo, viwiko vyake vikienda haraka. Nikawaambia wenyewe, kwa sauti, sijali nani alisikia: shukeni sasa, wanangu, mmefika, mwacheni mwenzenu.

Akalia. Sauti ndogo, yenye hasira, kama ya mama yake. Mimi nilicheka mpaka nesi akanizuia kwa ajili ya presha. Alikuwa msichana. Akamweka kwenye mizani ndogo ya watoto akasema ni mdogo, mdogo sana, lakini ni mzima, na mimi nitamnenepesha.

Mayu akaja siku ya pili, mchafu wa vumbi mpaka kwenye kope, na mume wangu nyuma yake. Ndipo nikajua alikokuwa. Tangu siku ile niliyolazwa, mchana kutwa, amekaa kwenye rundo la mawe ameyapakata yale mawili, wasikose pa kukaa. Mume wangu alikuwa anampelekea chakula hukohuko, naye akamkataza asiniambie, nisije nikainuka kitandani. Niliona aibu kwa yote niliyomfikiria, na nikamwambia hivyo. Akasema ninyamaze, nampigia kelele mtoto.

Alifungua pindo la kanga yake, akanipa mawe. Niliyajua, alama zake nilizijua, na kitambaa kilikuwa changu. Lakini yalikuwa mepesi. Yalikaa mkononi kama vibuyu vikavu. Nikamtazama mume wangu, naye akatazama sakafu, akasema ameyagonga kwa nyundo yake, hayana ufa, ila hayana sauti ya mawe tena. Mayu akasema yalipungua uzito mapajani mwake jana, jua likiwa utosini.

Akaomba mtoto. Akampokea kwa viganja vyote viwili, akafumba macho, akampandisha kidogo na kumshusha, kama baba yake alivyomfundisha kupima mzigo kabla ya safari.

“Mzito,” akasema.

“Nesi amempima, Mayu. Amesema ni mdogo.”

“Nesi amempima mmoja.”

Akanirudishia mwanangu, na nilipompokea mikono yangu ikashuka mpaka kitandani.